Ngozi ya Tone

Katika London yote, kuanzia Woolwich hadi Tottenham, hakuna mwanamke anayejua kung'arisha kioo kunishinda mimi. Nasema haya bila kujisifu. Uongo, nasema kwa kujisifu, tena kidevu juu. Ningekuwa na mashahidi ningewaleta, ila shahidi wa kwanza amekufa, na wa pili ni dirisha la jikoni kwangu, ambalo ukilitazama utadhani limepakwa uji.

Dirisha hilo hulia. Nyumba yangu ya Walthamstow, ghorofa ya tatu, juu ya muuza mazulia, ina maradhi hayo: ikishaingia Oktoba, kila asubuhi vioo huamka vimelowa, tone juu ya tone, kama mfiwa aliyekesha. Zamani nilivifuta huku naimba. Tangu Bwana Avtar afariki siimbi. Nasimama na kitambaa mkononi, nayatazama yale matone, madogo kuliko punje ya ulezi, nayasubiri yaseme.

Nilipomweleza Shiku, msichana wa Nyeri ninayefagia naye kazini, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Zein, si hiyo ni dampu tu! Unyevu wa nyumba. Pigia kaunsili simu."

"Dampu ina kilemba?"

"Ina nini?"

"Juzi ukungu ulitanda kioo kizima isipokuwa mahali pamoja. Pakavu, pana mabega, na juu ya mabega duara kubwa. Nikapafuta. Jana pamerudi."

Shiku akaacha kucheka. Mkono ukampanda wenyewe shingoni, kwenye msalaba wake. "Nije na pasta wetu?"

"Wa nini? Marehemu Kalasinga, mimi Mwislamu, pasta wako Mkikuyu. Mpaka tuelewane, kutakuwa kumepambazuka mara mbili."

Alicheka tena, nami nikacheka. Lakini mzaha ni kitambaa cha meza; ukikiinua, chini yake pana doa.

Profesa Avtar alizaliwa Kisumu, mtoto wa seremala wa reli. Alikuwa na maabara yake katika chuo kimoja cha katikati ya jiji, ambako mimi na Shiku hufika kwa treni ya kwanza ya asubuhi, wenye elimu bado wamelala. Yeye hakuwa mtu wa kulala. Siku ya kwanza nilipoingia na ndoo yangu nilimkuta ameinamia mashine anaibembeleza: "Haya basi, mama, leta maneno." Kwa Kiswahili! Nilidhani homa imenipanda kichwani.

"Unasema na nani?" nikamuuliza.

Akageuka, ndevu nyeupe, kilemba cha samawati, macho kama ya mtoto aliyekutwa na sukari. "Nasema na maji. Wewe wa wapi?"

"Mombasa. Kibokoni."

"Basi keti, mama. Nina miaka arobaini sijatukanwa kwa Kiswahili kizuri."

Nilimridhisha.

Kwa miaka sita tulikunywa chai pamoja kila asubuhi, nusu saa, mimi juu ya kigoda, yeye kwenye kiti chake kilichochoka. Mimi shule yangu ni ya msingi tu, na nusu ya hiyo niliisomea nje ya darasa nikiwa nimeadhibiwa. Lakini yeye hakunisemesha kama mtu asiyejua. Alinisemesha kama mtu ambaye bado hajaambiwa.

"Maji ya ndani ya ndoo," alisema, "ni kama mkwe siku ya kwanza. Yametulia, hayaombi, hayakatai. Sasa yapulize kwenye tundu jembamba, yapasuke yawe matone ambayo jicho lako haliyaoni. Kila tone lina ngozi yake. Ndani ya tone maji ni yale yale. Lakini kwenye ngozi, pale yanapogusana na hewa, hayatulii tena. Yanagombana, yanavunjana, yanaungana upya, na kunazaliwa kitu ambacho hakikuwamo."

"Kitu gani?"

"Dawa. Ile ya kuoshea vidonda, inayotoa povu."

"Nani kaitia?"

Akapiga meza kwa furaha mpaka chai ikamwagika. "Hapo ndipo penyewe, Mama Zein! Hakuna aliyeitia."

"Kwetu," nikamwambia, "mtungini kukiingia kitu ambacho hakuna aliyekitia, tunaanza kuwauliza watoto."

Alicheka sana siku hiyo. Mashine ikacheka naye, fsss, fsss, ikipuliza ukungu wake ndani ya kichupa.

Habari ya tone lake aliiandika makala, ikasomwa hadi nchi ambazo mimi siwezi kuzitamka. Ikasifiwa mwaka mzima. Kisha wakaja wa kuipinga. Maji hayana ujanja huo, walisema. Mzee huyu vyombo vyake vilikuwa vichafu. Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa kambare. "Vichafu, Mama Zein," alikuwa akiniambia, huku anatazama vichupa vyake vinavyometa. "Mimi!" Akafa nalo mwezi wa Februari, amekaa kwenye kiti chake, mkono ungali kwenye kikombe.

Walimchoma, kama ilivyo desturi yao. Nilikwenda na Shiku, tukasimama nyuma. Watu wangu mimi wako ardhini. Najua nikawasalimie wapi. Huyu nilimtazama akipanda angani, nikajiuliza mtu wa namna hii huishia wapi. Moshi, kisha wingu, kisha ukungu juu ya mabwawa ya Walthamstow. Kisha, nadhani, dirisha langu.

Aliyeachiwa kazi alikuwa Minal, mwanafunzi wake, binti mwembamba wa Kihindi ambaye wazee wake walitoka Nakuru. Kwa sauti ndogo, kwa Kiingereza, aliniita Anti, nami nilimjibu kwa Kiingereza changu kinachochechemea. Wakubwa walikuwa wamempa masharti: arudie kipimo cha mzee na apate hesabu zile zile kabla mwaka haujaisha, ama aandike barua kwa mkono wake kuifuta makala. Barua hiyo ingesomwa na dunia ile ile iliyosoma makala. Jina la Avtar lingebaki kuwa la mzee aliyedanganywa na chupa zake.

Basi akawa anapuliza. Machi, Aprili, Mei. Fsss, fsss. Na kila nilipoingia nilimkuta ameinamia karatasi, nywele zimemwangukia usoni.

"Kipo?" nikamuuliza asubuhi moja ya Juni.

"Kipo kidogo. Kidogo mno, hata sijui kama ni kitu au ni mashine inayosinzia. Yeye alipata mara tatu ya hiki." Akajisugua macho. "Tunatafuta chembe tu, Anti. Uchafu wa aina yoyote unaweza kukudanganya. Ukitia kijiko kimoja cha ule unga wa kung'arishia nguo nyeupe kwenye bwawa la kuogelea, utapima zaidi ya hiki."

"Unga upi?"

"Ule wa madoa. Ukilowa, unatoa dawa hii hii."

Nilikuwa nimeshika ufagio. Nikaendelea kufagia mahali pale pale palipokwisha kuwa safi, mpaka Minal akaniuliza kama nimeangusha kitu.

"Sindano," nikasema.

Sasa niseme ya kwangu. Kwetu Kibokoni mtu hapimwi kwa sahani, hupimwa kwa bilauri. Mgeni akiletewa maji kwenye bilauri yenye utando atakunywa, atashukuru, na habari zitafika Lamu kabla yeye hajafika mlangoni. Mama yangu alizisugua bilauri kwa ndimu, akazisuuza, kisha akazifukiza ubani mpaka maji yenyewe yakawa na adabu. Nami nikaja kukuta chuo kizima cha wenye elimu wanasuuza vichupa vyao kwa maji ya bomba na kuviacha vijikaukie, na maji ya bomba ya London yana chokaa ya kutosha kupaka msikiti.

Mzee alinikataza tangu mwanzo. "Fagia, piga deki, toa taka. Meza hii usiiguse hata ikiwaka moto." Nami meza sikuigusa. Lakini vichupa vile vya kukingia matone vilikuwa kwenye sinia karibu na sinki, na sinia si meza. Alhamisi moja ya Januari, miaka mitatu nyuma, alikuwa anatarajia wageni wa kuja kuona kazi yake. Nikavitazama vichupa vile vina utando kama jicho la kuku mgonjwa. Nikaona haya kwa niaba yake. Nikavisugua kwa ndimu. Ubani ningechoma, zimamoto wangekuja, basi badala yake nikatia kijiko cha unga wangu wa kung'arishia, ule ninaotilia kanzu za marehemu mume wangu nizitunzazo. Nikavisuuza, nikavirudisha. Viling'aa kama meno ya bibi harusi. Tangu siku hiyo hadi alipofariki nikawa naviosha kila Alhamisi, kimyakimya, zawadi yangu kwa rafiki, naye hakuniuliza kitu.

Waliosema "vichafu" walikuwa wamesema kweli, na uchafu wenyewe ulikuwa usafi wangu.

Baada ya Juni, maji yote yakanigeuka. Birika likichemka, nasikia fsss. Pasi ikipiga kanga mbichi, fsss. Siku moja sokoni, kwenye ile barabara yetu ndefu ya vibanda, muuza mboga aliupulizia mchicha wake maji kwa chupa ya mkono, ukungu ukanigusa shavu, baridi, nikauachia mfuko wangu wa ndizi ukamwagika njiani. "Uko salama, mpenzi?" akaniuliza. Nikamwambia miguu. Kila uongo niliosema miezi ile niliubebesha viungo vya mwili: miguu, mgongo, sukari.

Na Oktoba ilipoingia, dirisha likaanza kulia. Hapo ndipo alipotokea, na mabega yake na kilemba chake, pakavu katikati ya ukungu. Angesema ningemjibu, sijawahi kushindwa na mwanamume kwa maneno. Lakini alikuwa ametulia tu, na kumzunguka matone elfu, kila moja na ngozi yake, na katika kila moja sijui nini kinagombana na nini. Nikawa namsemesha mimi. "Bwana Avtar, nisamehe. Sikujua." Nafuta. Kesho yake yuko.

Ningenyamaza mpaka kaburini. Mimi kunyamaza najua, ingawa wanaonifahamu hawatakubali. Aliyekufa mara moja asiuawe mara ya pili, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini aliyekuwa akifa alikuwa Minal. Mashavu yalimwingia. Alikataa kazi nzuri mji mwingine kwa sababu hakuweza kumwacha mzee na aibu. Asubuhi moja ya Novemba nilimkuta amelalia mikono mezani. Nilipomgusa bega akazinduka, akaitazama mikono yake yote miwili kama vitu alivyoazimwa.

"Kosa ni langu, Anti," akasema. "Mikono yake ilikuwa na kitu ambacho mikono yangu haina."

Nilitaka kumwambia: mikono yenyewe hii hapa, imeshika tambara. Badala yake nikalikamua ndooni.

Siku ya pili, kabla sijatoka nyumbani, nilisimama mbele ya dirisha. Alikuwapo. "Leo nitasema," nikamwambia, na kwa mara ya kwanza sikupafuta. Kwenye treni niliyapanga maneno yangu kama mtu anayefunga mzigo wa safari, na yalikuwa mawili tu. La kwanza: mimi ndiye niliyeharibu. La pili: yule mzee hakujua lolote. Hilo la pili ndilo lililokuwa na thamani. Aliyekosea bila kujua hana aibu. Amedhulumiwa tu, na aliyemdhulumu ni mwanamke mmoja wa ndoo, ambaye hakuna mtu atakayeandika makala juu yake.

Nilipofungua chumba chetu cha mafagio, Minal alikuwa amenitangulia. Alikuwa amekalia ndoo yangu iliyogeuzwa, daftari jeusi mapajani, vikombe viwili vya chai sakafuni. Shiku alimtazama usoni, akanitazama mimi, akachukua ufagio akatoka bila kuambiwa, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Anti," Minal akasema, "mjane wake alinipa hili juzi. Hesabu ameandika kwa Kiingereza. Lakini pembeni kuna mambo mengine. Nadhani ni Kiswahili. Nisomee."

"Kwanza nina neno..."

"Nisomee kwanza."

Alilifungua mahali palipotiwa karatasi ya alama. Nikaona tarehe. Alhamisi, Januari, miaka mitatu nyuma. Siku ile ya wageni. Siku ambayo hesabu zilipanda mara ya kwanza, na makala yote ikajengwa juu yake. Pembeni mwa hesabu palikuwa na mwandiko mdogo uliolala upande, mwandiko wa mtu anayeandika asiyotaka yasomwe na wenzake:

*Chupa zanuka ndimu. Mama Zein ameziosha. Hesabu imepanda mara tatu. Nikisema, watamfukuza kazi. Kesho nitapima kwa chupa mpya. Ee Mola, na yawe ni maji.*

Nilisoma kimoyomoyo. Nikarudia. Alijua. Tangu siku ya kwanza, tangu alipoingia akasikia harufu, alijua, akaketi akanywa chai yangu akanisimulia habari za Kisumu. Nimeliomba radhi dirisha wiki baada ya wiki, kumbe mwenyewe alinisamehe miaka mitatu kabla sijajua nimekosa.

Nikafunua ukurasa wa pili. Kesho yake. Hesabu tupu, safu kwa safu, kubwa kama za jana. Pembeni hapakuwa na neno. Alipima kwa chupa mpya, maji yakamjibu? Au aliogopa jibu, akazitumia zile zile? Karatasi haikusema. Aliyeweza kusema yuko angani.

Na maneno yangu mawili niliyoyabeba kutoka Walthamstow, la pili lilikuwa limeniozea mkononi. *Hakujua lolote.* Sasa nikisoma kilichoandikwa, Minal hatakuwa na mwalimu aliyedhulumiwa. Atakuwa na mwalimu aliyejua akanyamaza, na aliyemnyamazisha ni mimi.

"Anasemaje?" Minal akauliza.

Nikakohoa. Nikasukuma miwani juu ya pua, nikaweka kidole juu ya mstari kama mtoto wa chuo cha Kurani mbele ya maalimu. "Anasema... 'Chupa ni safi. Hesabu imepanda mara tatu. Kesho nitapima tena. Namshukuru Mola.'"

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

"Mbona ameandika marefu hivi?"

"Kiswahili chake kilikuwa cha Kisumu, mwanangu. Hujaza karatasi."

Hakucheka. Alikiokota kikombe chake, akakizungusha viganjani, hakunywa. Nje ya mlango nilisikia ufagio wa Shiku umesimama.

"Jana jioni," Minal akasema, "nilipiga picha ukurasa huu nikamtumia bibi yangu, Vasanti. Alikaa dukani Nakuru miaka thelathini. Alinisomea mara mbili, neno kwa neno." Akaninyanyulia macho, mekundu, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Halafu akaniuliza, huyu Mama Zein ni nani?"

Chumba cha mafagio hakina dirisha. Sijui nilikuwa natafuta nini ukutani.

"Soma tena, Anti."

"Sioni vizuri. Miwani imeingia ukungu, mvuke wa chai hii."

Akaweka kikombe chini. Akanyoosha mikono yote miwili, akaivua miwani usoni pangu polepole, kama mtu anayemvua mtoto aliyelala kofia yake. Akaiinua kwenye taa. Akaitazama upande huu, akaigeuza, akaitazama upande wa pili. Hapakuwa na tone hata moja.